Kura ya Asiyesoma na Kura ya Mtoto wa Mgeni
Mhadhara uliosomwa Gatete, Rumonge, Burundi



Mada niliyopewa ni fupi: je, kila mtu awe na haki ya kupiga kura? Kitabuni swali hili lina jibu. Katiba yetu inasema kura ni ya wote, ni sawa, ni ya siri na ni huru. Mwenye miaka 18, raia, ambaye mahakama haikumwondolea haki zake, anapiga. Lakini nyote mnajua kwamba baada ya kila uchaguzi swali linarudi, na linaulizwa kwa sauti ya chini. Analiuliza mwalimu aliyechoka kuona kampeni zikiendeshwa kwa fulana, chumvi na pombe. Analiuliza kijana mwenye diploma asiye na kazi, anayeona kura yake imelingana na ya bibi ambaye hajapata hata kuzoea kwamba mkoa wa Rumonge tuliopewa mwaka 2015 haupo tena, na kwamba sasa sisi ni watu wa Burunga. Wanaouliza hivyo si watu wabaya. Wana uchungu na nchi, na mtu mwenye uchungu na nchi anastahili kujibiwa kwa heshima.

Mimi ninajibu: ndiyo, kila mtu. Na nataka kuonyesha kwamba sisi wa mwambao huu tuna sababu zetu wenyewe za kujibu hivyo, sababu ambazo mtu wa Paris au wa London hawezi kutupatia. Nataka pia kusema kwamba hatujafika kwenye hiyo "kila mtu". Wapo watu hapa hapa Gatete wanaohesabiwa sokoni kila siku ya soko, na siku ya kura hawahesabiwi.

Nianze na hoja ya wanaopinga, tena katika sura yake iliyo na nguvu zaidi. Ni ya zamani sana. Plato, Myunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliieleza kwa mfano wa chombo cha majini: mabaharia wanagombania usukani, hakuna hata mmoja wao aliyejifunza unahodha, na yule anayezijua nyota na pepo wanamwita mpiga porojo. Nani angependa kusafiri katika chombo kama hicho? Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunamwelewa Plato upesi kuliko wengi. Upepo wa kusini ukipanda usiku, hakuna anayeitisha kura ndani ya mtumbwi. Lakini utazameni mfano huo mkiwa abiria. Kushika usukani ni kazi ya nahodha. Kwenda Kigoma au kwenda Kalemie si uamuzi wake. Hilo linasemwa na waliolipa nauli, waliopakia magunia yao, watakaozama chombo kikizama. Na nahodha akitupandisha mwambani mara mbili, hatuhitaji kusomea unahodha ndipo tuseme kwamba safari ijayo atafutwe mwingine.

Kwa hiyo mimi sitetei kura ya kila mtu kwa kudai kwamba kila mtu anajua. Hilo si kweli. Ninaitetea kwa sababu kila mtu atayabeba matokeo.

Sasa tuone wenye kutaka kura ya wasomi walipopewa nafasi walifanya nini. Mwaka 1861 Mwingereza John Stuart Mill, mtu mkubwa katika fikra za uhuru, aliandika kwamba haki ya kura ipanuliwe iwafikie karibu wote, lakini waliosoma wapewe kura zaidi ya moja. Karibu miaka mia moja baadaye, serikali ya kikoloni ilitumia mpango wa namna hiyo jirani yetu. Kenya, mwaka 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, haki ya kura ilipimwa kwa elimu, kipato, mali, umri na utumishi, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliambiwa kwanza walete cheti cha utiifu kwa serikali. Ona jinsi mlango unavyokwenda: ulifunguliwa kwa ajili ya elimu, na mara ukatumika kupitishia utiifu. Mwenye kupima akili za watu hawezi kujizuia kupima pia mapenzi yao kwake.

Tanganyika nako, katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kiwango fulani cha elimu, au cheo fulani, na akishaingia chumbani alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU, chama cha Julius Nyerere, walikutana Tabora Januari 1958 wakabishana karibu wavunjike. Wengine walitaka wasusie. Nyerere aliwashawishi waingie, na TANU ikashinda kwa kishindo ndani ya sanduku lile lile lililotengenezwa kuwapunguza. Wakulima wa pamba na wachukuzi wa bandarini ambao hawakuruhusiwa kupiga kura ndio waliokuwa wamejaza mikutano ya chama hicho tangu mwanzo. Walikuwa wanajua wanataka nini muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kukisema kwenye karatasi.

Kwetu Wabelgiji walikuwa na mizani yao. Waafrika waligawanywa: walioitwa wastaarabu, na wengine wote. Waswahili wa Usumbura, Bujumbura ya leo, wa Rumonge na wa Nyanza-Lac, watoto wa wafanyabiashara na wapagazi waliotoka Ujiji na Manyema, waliangaliwa kwa jicho la tatu kabisa, kama wageni wasio na chifu, wenye dini isiyo ya misheni na maneno mengi sokoni. Watu hao hao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kusimama na mwana wa mfalme, Louis Rwagasore, alipoanzisha vyama vya ushirika na kisha alipoongoza chama cha UPRONA. Mwishoni mwa 1960 Wabelgiji walimweka kizuizini Bururi, juu ya milima hii yetu, wakati wa uchaguzi wa tarafa, na chama chake kikaanguka. Ndipo Umoja wa Mataifa ukasisitiza uchaguzi wa watu wazima wote, chini ya macho yake. Tarehe 18 Septemba 1961 walipiga kura watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika kalamu, wanawake pia wakiwamo. UPRONA ikapata viti 58 kati ya 64.

Nawauliza wenye shaka: wasomi wachache wa mwaka ule wangefanya nini cha busara kuliko walichofanya wakulima wale? Walimchagua mtu aliyekataa kuwagawa. Waliomuua, tarehe 13 Oktoba 1961, hawakuwa wakulima wasiojua kusoma. Waliopanga mauaji yale walikuwa watu wa tabaka la juu, wenye lugha ya Kifaransa na marafiki ofisini.

Hapo tunafika mahali ambapo mhadhara huu usingeweza kutolewa kwingine. Mei 1965 Warundi walipiga kura tena. Wahutu walipata viti 23 kati ya 33 vya Bunge. Mfalme Mwambutsa hakutaka kuwapa uwaziri mkuu, akamteua Léopold Biha, mtu wa nyumba ya kifalme. Oktoba likaja jaribio la mapinduzi, ukaja na ulipizaji kisasi, wabunge na maafisa wakapigwa risasi. Tangu hapo hadi 1993, miaka 28, hakuna Mrundi aliyewekewa mbele yake vyama viwili achague kimoja. Nchi ilikuwa imeambiwa kwamba kura yake haikubaliki.

Na katikati ya miaka hiyo, Aprili 29, 1972. Sihitaji kuwasimulia watu wa Rumonge. Mashambulizi yalianzia kwenye mwambao huu, Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wasio na hatia waliuawa, Watutsi, wake kwa watoto. Kisha serikali ikajibu kwa miezi ya mauaji nchi nzima, ambayo wanahistoria wanawahesabu wafu wake kwa mamia ya maelfu. Mnakumbuka waliotafutwa kwanza walikuwa nani. Walikuwa Wahutu waliosoma. Walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi waliochukuliwa darasani na mabwenini. Kijana aliyefika sekondari alikuwa katika hatari kuliko ndugu yake aliyebaki akichuma chikichi.

Ndugu zangu, sasa ichukueni ile hoja ya kura ya wasomi muiweke juu ya nchi hii. Mwaka 1973, mngesema apige kura mwenye cheti, wangebaki nani? Tangu zama za Wabelgiji shule kubwa, ile ya Astrida, Rwanda, iliyoanzishwa 1929 kuwa mfano, zilijazwa watoto wa machifu, na wengi wao wa kabila moja. Kisha 1972 ikafyeka waliokuwa wamepenya. Kisha wazazi wengi wa Kihutu wakaogopa kupeleka watoto shule, kwa sababu waliona shule inaua. Elimu katika Burundi haikugawiwa kama mvua. Iligawiwa kwa mkono, na mkono huo ulikuwa na majina. Anayesema leo kwamba asiyesoma asipige kura anataka aliyeibiwa shule aibiwe na kura pia, kwa kosa la kuwa ameibiwa shule.

Hoja hii ninaishikilia kuliko zote, na ndiyo maana nimekaa juu yake. Kwingine unaweza kubishana kuhusu kura ya wasomi kama mchezo wa darasani; profesa mmoja Mmarekani, Jason Brennan, alichapisha kitabu kizima cha kuitetea mwaka 2016. Hapa si mchezo. Marekani nako haikuwa mchezo: katika majimbo ya kusini mtihani wa kusoma ulitumika miaka mingi kuwazuia weusi, hadi sheria ya 1965 ilipokuja kuuvunja. Aliyeshika mtihani alijua mapema nani atafaulu.

Kuna mzee mmoja wetu ninayemheshimu aliyeniambia: mbona babu zetu hawakupiga kura, na nchi ilikaa? Walikuwa na bashingantahe. Mushingantahe hakuchaguliwa kwa kelele. Alitazamwa miaka, akapimwa ukweli wake, unyamavu wake, uwezo wake wa kusikia pande mbili, kisha akatawazwa mbele ya majirani. Ni kweli, na ni urithi mzuri. Mapatano ya Arusha yenyewe yaliutaja kuwa wa kurudishwa hadhi. Lakini tumalizie habari. Mtwa hakutawazwa. Mwanamke aliheshimiwa kupitia mume wake. Na mushingantahe alikuwa mwamuzi. Alitatua mashauri ya mpaka wa shamba na mahari. Hakuwa anaamua kodi, jeshi wala barabara ya kwenda Bujumbura. Tunaweza kuwa na bashingantahe wa kutuamua na kura ya kututawala, na tangu 2005 tumekuwa na kitu kinachokaribia vyote viwili: baraza la kilima, watu watano, wanaochaguliwa na wakazi wa kilima bila bendera ya chama. Katika chaguzi zote, hizo ndizo ninazozipenda zaidi. Mpiga kura anamjua mgombea, anamjua na baba yake, anajua nani alikula pesa ya bomba la maji.

Kuhusu kura zinazouzwa sitachukua muda mrefu. Zinauzwa, nakubali. Lakini mnunuzi daima ana pesa kuliko muuzaji, na mara nyingi ana diploma pia. Anayetaka kumwadhibu mama aliyepokea kitenge na kumwacha aliyegawa vitenge mia tatu ameshika upande mwepesi wa kesi. Siri ya chumba cha kura ndiyo dawa: mama anaweza kupokea kitenge na kumchagua mwingine. Na kuhusu asiyejua kusoma, kwa miaka mingi sisi tumepiga kwa njia ambayo haikudai kusoma: karatasi ya kila mgombea peke yake, yenye picha na rangi, unaweka unayemtaka ndani ya bahasha na nyingine unazitupa. Tarehe 1 Juni 1993 zaidi ya Warundi tisa katika kila kumi walioandikishwa walikwenda kupiga kura ya Rais. Wakulima wakampa Melchior Ndadaye karibu asilimia 65. Buyoya, rais na meja aliyekuwa na jeshi mkononi, akashindwa, na akakubali. Miezi mitano haikutimia, tarehe 21 Oktoba, wanajeshi wakamuua Ndadaye, na vita vikatula zaidi ya miaka kumi. Kwa mara ya tatu katika historia ya nchi hii wasiosoma walikuwa wameamua kwa amani, na wenye bunduki na shule za kijeshi wakaamua vinginevyo. Nani basi alipaswa kunyang'anywa haki?

Arusha, mapatano yaliyotiwa saini Agosti 28, 2000, aliyoyaanza Nyerere na kuyamaliza Mandela, yalijaribu kuifanya kura isiwe tena kitu cha kuogopesha. Katiba ya 2005 iliyotokana nayo ikaweka Bungeni asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, wanawake wasipungue asilimia 30, Batwa viti vitatu vya kuteuliwa. Wapo wanaosema mgawanyo huo unapingana na mtu mmoja kura moja. Kwa hesabu tupu, ndiyo. Mimi naona ulikuwa bei ya kumfanya anayeshindwa akubali kulala nyumbani kwake usiku wa matokeo. Nchi iliyotoka kaburini inaweza kulipa bei hiyo kwa muda. Ila Mtwa wa leo hatoshwi na viti vitatu mjini ikiwa yeye mwenyewe kilimani hana karangamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, na asiye nayo ni vigumu kuandikishwa.

Hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha. Ubishi kuhusu wasiosoma umekwisha. Walioupoteza hawajui tu kwamba wameupoteza. Ubishi uliobaki katika mwambao huu ni juu ya nani ni mtu wa hapa.

Rumonge imejengwa na wanaokuja na wanaorudi. Upande wa pili wa maji, siku zisizo na ukungu, tunaona milima ya Fizi. Wavuvi wa Baraka na wa Kigoma wanalala kwenye mialo yetu, na wetu wanalala kwao. Wanaoana. Binti wa Gatete anaolewa na mvuvi Mkongomani, kwa ndoa halali, mbele ya watu na mbele ya serikali. Anazaa hapa, mtoto anakua hapa, anasoma hapa, anazungumza Kirundi na Kiswahili, anauza ndagala hapa. Akifika miaka 18, si Mrundi wa kuzaliwa. Sheria yetu ya uraia ya tarehe 18 Julai 2000 inampa uraia mtoto wa baba Mrundi. Mtoto wa mama Mrundi anaupata kwa kuzaliwa pale tu ambapo baba hajulikani au amemkana.

Yatafakarini hayo. Mama aliyeolewa kwa haki anapoteza. Mama anayesema baba hamjui anapata. Sheria inamfundisha mwanamke wa mwambao kwamba njia salama ya kumpa mwanawe kura ni kumfuta baba yake. Na katiba yetu, ya 2005 na hii ya 2018, inasema wazi kwamba watoto wa Warundi wanaume na wa Warundi wanawake wana haki sawa mbele ya sheria ya uraia. Zipo njia za kuomba baadaye, lakini kuomba kunataka nauli, karatasi, mihuri na mtu wa kukusikiliza, na mtoto wa mjomba wake, aliyezaliwa nyumba ya pili na baba Mrundi na mama Mkongomani, haombi chochote.

Tusidhani jambo hili ni dogo. Tuliloliona ng'ambo lingetosha kututisha. Zaire ilipitisha sheria mwaka 1972 ikiwatambua kuwa raia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu kabla ya 1950. Mwaka 1981 ikaifuta, ikadai mtu athibitishe kwamba jamii yake ilikuwa ndani ya mipaka tangu 1885. Nani ana karatasi ya 1885? Siku moja mtu ni jirani, siku ya pili ni mgeni, na orodha ya wapiga kura ndiyo mahali pa kwanza panapomwonyesha kwamba amekuwa mgeni. Banyamulenge wa milima ya juu ya Uvira waliishi na mashaka hayo hadi vita vya 1996, na vita hivyo vina watoto na wajukuu ambao risasi zao tunazisikia mpaka leo. Sisemi sheria ya uraia peke yake ndiyo iliyoleta vita. Nasema mtu asiyekuwa na kura hana sababu kubwa ya kungoja uchaguzi.

Kuna na wanaorudi. Waliovuka ziwa 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima misitu ikawa mashamba. Kuanzia 2008 maelfu walirudi, na hapa Rumonge wengi walikuta shamba la baba lina michikichi ya mtu mwingine. Mnakijua kijiji cha Mutambara, kilivyojengwa kwa ajili ya waliorudi wakakosa mashamba. Waliochagua kubaki, zaidi ya watu 162,000, Tanzania iliwapa uraia, na tangu vyeti vilipotolewa 2014 wakawa Watanzania wenye haki ya kuandikishwa kwa uchaguzi wa Oktoba 2015. Tanzania ilistahili sifa kwa hilo, na hatujaitoa ya kutosha. Lakini jiulizeni maana yake: mtu aliyezaliwa Ulyankulu na wazazi wa Rumonge alifika kwenye sanduku la kura Tabora kwa urahisi kuliko mtoto wa dada yetu aliyezaliwa Gatete.

Je, na wageni wenyewe, wale ambao si raia wa hapa na hawataki kuwa? Mvuvi Mkongomani aliyekaa miaka kumi, analipa ushuru wa mwalo, watoto wake wako shule yetu? Hapa najua baadhi yenu mtanikatalia. Mimi nasema: Rais na wabunge wachaguliwe na raia, kwa sababu hao wanaamua vita, mikataba na mipaka, na mwenye nchi mbili za kukimbilia habebi mzigo sawa na mwenye moja. Baraza la kilima ni jambo lingine. Linaamua takataka za soko, choo cha mwalo, ugomvi wa mpaka wa uwanja, wapi watu waliofukuzwa na maji ya ziwa wahamishiwe. Anayeishi kilimani miaka mitano na kulipa anachodaiwa anayabeba hayo yote sawa na sisi. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana tangu Mkataba wa Maastricht wa 1992 kwamba raia wa mmoja akikaa kwa mwingine apige kura ya mji anaoishi. Uingereza imeenda mbali zaidi: Mkenya au Mtanzania anayeishi London kwa kibali anapiga hata kura ya Bunge, kwa sababu nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, Kongo ikafuata 2022. Tunaruhusiana kuuziana ndagala na mawese. Tunaweza kuruhusiana kuchagua watu watano wa kilima.

Kijana mmoja aliniuliza nilipokuwa ninaandaa maneno haya: kura ya nini, ikiwa Juni 2025 chama kimoja kilichukua viti vyote 100 vilivyogombaniwa Bungeni? Sikumjibu kwa haraka na hapa pia sitajibu kwa haraka. Haki ya kupiga kura bila haki ya kugombea, kuandika, kukutana na kupinga hadharani ni nusu ya haki, na nusu hiyo huoza upesi. Mahali ambapo mtu mmoja kati ya kumi hafikiri kama tisa wenzake, Bunge lisilo na hata mmoja wa kumsemea halijamsikia. Nasema hivyo kwa heshima yote kwa waliochaguliwa. Lakini kijana asichukulie hiyo kuwa sababu ya kuitupa karatasi yake. Watu wa 1958 Tanganyika walipewa karatasi yenye masharti ya aibu. Waliitumia.

Uchaguzi wa Rais unatazamiwa 2027. Kabla Tume ya Uchaguzi haijafungua daftari, kuna mambo matatu au manne ambayo hayahitaji mkutano wa Arusha. Wabunge wetu waulizwe, kwa jina, siku wanapokuja hapa, lini sheria ya uraia ya 2000 italinganishwa na katiba. Wala wasikubaliwe kujibu kwamba ni jambo la wanawake. Wazazi waandikishe watoto wakingali wachanga, maana mtu asiye na cheti cha kuzaliwa hugundua miaka 18 baadaye kwamba hayupo. Wakuu wa vilima wapite nyumba za Batwa wakiwa na fomu, wasiwangoje ofisini. Na orodha ikibandikwa kwenye zoni, tusiisome kila mmoja kutafuta jina lake akaondoka. Tuisome tukitafuta la jirani ambaye hayupo.

Nimemaliza upande wangu. Najua juu ya wavuvi na baraza la kilima wengi mna la kusema, na mzee wa bashingantahe amekwisha inua mkono. Tuanze naye.